Chandarua cha Kitanda na Chandarua cha Sahani

Nakivale, Jumapili tarehe 21 Septemba. Asubuhi mvua nyepesi, ikakatika kabla ya ibada. Baadaye mawingu, na upepo wa kutoka ziwani.

Ombeni, papa, mwanangu,

Usicheke. Unajua siwezi kuanza kuandika bila kusema kwanza kulikuchaje. Ni tabia ya daftari langu, na barua hii nayo imeipata. Wewe umelala upande wa pili wa pazia, na kesho asubuhi utapanda gari la Mbarara. Sitakuandikia juu ya kufua shati, wala kusali, wala kupiga simu. Hayo nimeyasema miaka yote, na kama hayajaingia, hayataingia usiku huu. Nataka kukuandikia juu ya nzi.

Jovanis hakukuita kwa sababu anakuhurumia. Amekuita kwa sababu ua lake la kuchomea nyama, kule Mbarara kando ya barabara ya Bwizibwera, linakaribia kufungwa. Ulikuwepo alipokaa hapa kwetu akaeleza: bwana afya wa mji alipita, akaona nzi juu ya nyama mbichi, juu ya ndizi za kuchoma, juu ya walaji wenyewe, akasema atarudi mwisho wa mwezi ujao. Akiwakuta tena, anaweka kufuli.

"Nyabo," Jovanis aliniambia, "mimi napiga hao nzi na taulo mupaka mukono inauma. Hapa kwako ndiyo pahali moja nakula bila kupunga mukono. Nipe huyu kijana yako, achome muchomo yangu."

Hakuomba mikono yako tu. Aliomba meza yetu. Na wewe ulipopata akili meza hii uliikuta imeshatulia, hujui ilikotoka. Ndiyo maana leo jioni, nilipokuwa nakunja shuka zako, sikushangaa sana kukuta lile kopo ndani ya begi. Kopo la dawa ya kupuliza, lenye picha ya nzi amelala chali. Sijalitoa. Liko pale pale chini ya suruali yako ya bluu. Nikilitoa utanunua lingine Mbarara, na mimi sitajua. Afadhali nikuambie ninayoyajua, kisha uamue kama mtu mzima.

Wewe una hadithi unayowachekesha nayo wageni: siku mama alipopika chandarua. Unaisimulia vizuri, hata mimi hucheka. Lakini ulikuwa na miaka mitano, na kuna sehemu yake hukuiona kwa sababu ulikuwa ndani yake.

Tulipotoka kituo cha kupokelea wakimbizi cha Kabazana baada ya kuandikishwa, tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, na tulipewa kiwanja, sufuria, blanketi na chandarua kimoja chenye dawa. Nilianza kupika kando ya njia kwa sababu ndicho nilichoweza kuanza nacho: jiko moja la mbabula, makala ya kuwashia, ugali wetu wa bukari ya muhogo, sombe ya majani yake, na samaki wa ziwani nikiwapata. Nzi walifika kabla ya walaji. Walikuwa weusi juu ya kifuniko, weusi juu ya kijiko. Watu walikuwa wanapita, wanatazama meza yangu, wanatazama pembeni, wanaendelea na safari.

Nikafikiri kama mtu aliyesoma. Nilimaliza sekondari Uvira, upande wa ualimu, na kichwa changu kilikuwa na haraka ya kujisifu. Nikasema: kitu kinachozuia mbu kitazuia nzi. Nikachukua mkasi, nikakata chandarua. Karatasi ya maelekezo niliisoma, papa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi ni mtu wa kusoma karatasi. Iliandikwa wazi kwamba dawa yake si ya karibu na chakula. Nikajiambia kwamba maneno hayo yameandikiwa watu wasiojua kutumia vitu.

Nikafunika bukari ikiwa moto. Mvuke ukalowesha kitambaa, kitambaa kikalegea, kikalala juu ya chakula. Nzi hawakugusa. Nilifurahi sana! Wakaja wanaume waliokuwa wanafyatua matofali, wakaketi, wakanawa. Mmoja, yule mrefu mwenye mzaha, akatafuna tonge mbili, akaniita.

"Mama, leo umetia pilipili ndani ya bukari?"

"Hapana."

"Basi ulimi wangu umetangulia kulala, umeniacha mimi hapa."

Wenzake wakacheka. Halafu wa pili akasukuma sahani, na hakuna aliyecheka tena. Nikaonja. Ilikuwa chungu, na midomo ikaanza kuwasha kama imechomwa na majani. Nilibeba sufuria nzima nikaifukia mbele ya watu ambao siku ile hawakuwa na cha kula zaidi ya kile. Hakuna aliyeugua. Wewe hapo huwa unamalizia na kuku wa jirani waliokuja kunusa wakageuka, na wageni wanavunjika mbavu.

Lakini hadithi haikuishia kwa kuku. Vipande vya chandarua vilikuwa mezani, na wewe ulikuwa chini, kwenye mkeka, bila kitu juu yako. Ilikuwa msimu wa mvua kama sasa. Homa ilikupata kabla ya juma kwisha. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati, mgongo wangu ukiungua kupitia kitenge, na muganga akaniuliza swali moja tu.

"Mama, mtoto analala ndani ya chandarua?"

Nikasema ndiyo. Kisha mdomo wangu wenyewe ukakataa, nikasema, "Kilikuwepo. Sasa kiko mezani."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa Kiswahili changu. Mimi mwenyewe ndipo nilipokielewa. Nilikuwa nimeivisha sahani nguo ya mtoto, na mtoto nikamwacha uchi.

Ulipona, tena haraka, na siku ya tatu uliomba samaki. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu nilipoliona lile kopo nilijiona mimi na mkasi wangu. Dawa inayoua nzi ni kali kwa kila kitu kinachopumua, nayo haijui mpaka kati ya nzi na nyama. Ukiipuliza juu ya ua la Jovanis itashuka kwenye sahani, kwenye wavu wa kuchomea, kwenye midomo ya watu. Na bwana afya atanusa kabla ya kutazama.

Baada ya chandarua, niliapa kuacha dawa, nikahamia kwenye moshi. Hapo ndipo nilipofahamiana na Jovanis. Wakati ule alikuwa bado anatoka Masha na jerikani za maziwa juu ya boda, anauza nyumba kwa nyumba. Alinieleza kwamba kwao jioni wanawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe zizini, moshi unafukuza nzi, ng'ombe wanapumzika. Nikamwomba aniletee mfuko mmoja. Akaleta. Nikauwasha chini ya meza kabisa, kati ya miguu ya walaji, nikaona nimemaliza kazi.

Wakala huku wanafuta macho. Yule fundi matofali alikuwa amenisamehe, alikuwa amerudi. Akainua uso wenye machozi akasema, "Mama Ombeni, tupe basi jina la marehemu. Tunalia bila kujua tunalilia nani."

Jovanis alifika katikati ya msiba huo. Akaweka jerikani chini, akashika kiuno.

"Banange! Nyabo, hata ng'ombe inachagua yenyewe! Sisi tunawasha moto pale, ng'ombe inaenda kusimama vile inataka. Wewe umekalisha watu kwa meza, halafu umewafuata na moshi. Hiyo inafukuza watu mbele ya nzi."

Akachukua koleo, akauhamisha moto wangu hadi kwenye kona ya uzio, upande ule upepo unakotokea, akautia majani mabichi kidogo. Moshi ukafika mezani umechoka, kama harufu tu. Watu hawakuusikia. Nzi waliusikia. Kwa hiyo utakapofika kule, kabla ya kuwasha chochote, simama katikati ya ua na ujue kwanza upepo unaingilia wapi. Mimi ilinibidi watu walie ndipo niulize.

Hata hivyo moshi ulipunguza tu, haukumaliza. Ndipo nikagombana na mama Goreti. Wewe unamjua kama bibi yako wa Burundi anayekupa ndagala za kukaanga, kwa hiyo hutaamini kwamba tuliwahi kuitana majina mbele ya soko. Meza yake ilikuwa inapakana na yangu, anapasua samaki, anauza wabichi na wakavu. Siku moja alinipigia kelele kutoka kwake.

"Mama Ombeni! Nzi zako zinakuja kula kwangu bila kulipa!"

"Nzi wangu? Hao wamezaliwa ndani ya matumbo ya samaki wako!"

"Eeh? Zina kadi ya familia? Ziulize basi, wewe wa Congo, simama huku, wewe wa Burundi, simama kule!"

Soko zima lilicheka, mimi nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa amesema vizuri kuliko mimi. Hatukusalimiana siku kadhaa. Lakini hasira ilinifanya nikae kimya, na kukaa kimya kulinifanya nitazame. Nilikuwa nafika mapema, kabla ya moto, kabla ya samaki, nione nzi wanalala wapi. Hawakuwa kwangu. Hawakuwa kwake. Walikuwa katikati, kwenye kile kipande cha ardhi kati ya meza mbili, ambapo mimi nilikuwa namwaga maji ya kuoshea sahani na yeye anamwaga maji ya samaki, kila mmoja akidhani pale ni upande wa mwenzake.

Nilimwendea na jembe mkononi. Aliliona jembe, akarudi nyuma hatua.

"Unakuja kunizika, Mama Ombeni?"

"Nakuja kuzika nzi. Shika upande huu."

Tulichimba shimo mbali na meza zote mbili, tukalifunika kwa bati, na kila tulipomwaga tulitupia majivu juu. Majivu tulikuwa nayo tele; tulikuwa tunayatupa miaka yote. Kabla ya mwezi kwisha watu wakaanza kukaa. Hawakujua kwa nini wanakaa. Mtu hasemi, "Hapa hakuna nzi." Anasema tu kwamba chakula cha mama huyu ni kitamu.

Kosa lililofuata ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, maana kule unakokwenda litakusubiri mlangoni. Siku moja maziwa ya Jovanis yaliganda kwenye jua, akaniachia nimwage, yeye akaenda kuuza yaliyobaki. Nikayamwaga mle shimoni, juu ya matumbo ya samaki. Aliporudi akaona weupe kwenye ukingo wa shimo, uso wake ulibadilika.

"Maziwa yangu na damu ya samaki, shimo moja? Nyabo, unataka ng'ombe zangu zikauke?"

Aliondoka bila kuaga. Kwao, watu wa ng'ombe, maziwa hata yakiharibika yana heshima yake. Hayachanganywi na damu wala na uchafu wa nyama. Mimi mtu wa samaki na muhogo ningejuaje? Nilikaa muda mrefu bila maziwa ya chai, wewe ukiniuliza kila siku yuko wapi, mpaka nilipochimba shimo dogo la pili, peke yake, upande safi, nikatandika nyasi, nikamtumia ujumbe aje aone. Alikuja. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akasema, "Sasa leta kikombe."

Sikiliza sasa. Mwezi uliopita nilipokwenda Mbarara kununua sufuria, nilipitia ua lake. Nilikaa, nikala, nikatazama kama nilivyozoea kutazama. Nyama yake si chafu. Wavu wake ni safi. Lakini langoni, mahali wageni wanapoingilia, ndipo anapoosha kila asubuhi makopo ya maziwa ambayo bado anauza, na maji yale meupe anayamwaga pale pale kwenye nyasi. Anayamwaga langoni kwa sababu nyuma ya ua kuna shimo la damu na mifupa, na hawezi kuyapeleka kule. Nzi wa Jovanis wanafuata maziwa. Wanafika langoni asubuhi, wanashiba, na nyama inapowekwa motoni wako tayari wamejaa uani. Unaweza kupuliza kopo lako kwenye nyama mpaka liishe. Langoni watazaliwa wengine.

Sikumwambia. Wateja wake walikuwa wamekaa, na mgeni hamwonyeshi mwenye nyumba uchafu wake mbele ya watu. Na wewe usimwambie. Chimba. Asubuhi ya kwanza, kabla hajaamka vizuri, chimba shimo dogo pembeni, mbali na lile la damu, utandike nyasi. Akiliona atajua ni la nini, na atajua limetoka kwa nani. Kisha maji ya makopo yatapata njia yake bila mtu kuaibika.

Haya mengine tayari unayo mikononi. Yale ya taa ni wewe ulinifundisha mimi. Unakumbuka? Jioni za mvua, wale wadudu wadogo wa ziwani kama vumbi wanaotumbukia kwenye mchuzi. Walaji walikuwa wanachuja supu kwa meno. Wewe ulikuwa na mtihani, ukachoshwa na kelele zetu, ukabeba taa kubwa ya sola ukaenda kusoma kwenye uzio. Baada ya muda mfupi tukasikia:

"Mama! Wananila mimi sasa!"

Na mezani, kwenye mwanga hafifu wa ile taa ndogo, hakukuwa na mdudu hata mmoja. Fundi matofali akapiga kelele, "Mwache huko huko mpaka tumalize!" Tangu siku ile taa kubwa inakaa uzioni, ndogo inakaa kwenye chakula. Mimi na ualimu wangu nilikuwa natundika mwanga mkali juu ya sufuria ili watu waone usafi, na hapo ndipo nilipokuwa nawaita wadudu.

Kwa hiyo sina wasiwasi na wewe, Ombeni. Nina huzuni kidogo, hiyo ni kitu kingine, itapita nikianza kupika kesho. Bwana afya atarudi na atakuta watu wamekaa, mikono yao iko kwenye nyama, hakuna anayepunga. Naliona hilo waziwazi kama ninavyoiona kalamu hii. Na kama mwezi wa kwanza hautatosha, utakaa kimya, utafika kabla ya moto, utatazama wanakolala.

Ndani ya begi, juu ya kopo lako, nimeweka vitu viwili. Cha kwanza ni kifuniko cha chakula. Kitambaa chake ni kile cha shela ya harusi, nilikinunua kipya sokoni, hakina dawa, nimekifua na kukianika. Nimekivuta juu ya duara la fito ili kisilale kwenye nyama hata ikitoa mvuke, na pembeni nimeshona vizibo vya soda ili upepo usikibebe. Cha pili ni chandarua cha kitanda, kiko bado ndani ya mfuko wake, pamoja na karatasi yake. Isome. Na hata umeme ukikatika, mkono wako utajua: chenye vizibo ni cha sahani, kisicho na vizibo ni chako.

Usivibadilishe nafasi.

Mama yako.

Jumatatu asubuhi, kumetulia, hakuna mvua, upepo bado wa ziwani. Naongeza haya wakati unanawa uso. Nililala saa sita na nusu usiku, ndani ya chandarua changu, nimekichomeka pande zote chini ya godoro. Nakuandikia hivyo usije ukafika Mbarara ukidhani nimekupa cha kwangu.